KIKOMO CHA MISHAHARA SI UDHURU

Bwana Mhariri,

Twakuomba utupe nafasi katika kurasa za jarida letu ili tutoe neno ambalo limetukaa kooni kwa muda mrefu. Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza, Je, mpira wa magongo wa barafuni una nini nasi, na mji wa Toronto katika nchi ya Kanada si wa mbali? Jawabu letu ni mawili. La kwanza, miongoni mwetu sisi wapenzi wa timu ya Toronto Maple Leafs wako wanaoishi huko huko Toronto, na wako tunaoifuata kwa mbali. Na mapenzi hayaulizi maili. La pili, jambo tunalotaka kulisema ni jambo la daftari la mishahara, na hatujui wasomaji wanaolifahamu daftari la mishahara kuliko makarani. Mtu aliyekaa miaka kumi akijumlisha safu za hesabu kwa kalamu yake hadanganyiki upesi kwa maneno matamu ya wakubwa. Kwa hiyo twawaleteeni hesabu hizi mzikague.

Timu yetu ilichukua Kombe la Stanley kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile, akapandishwa mabegani na babaye apate kuona maandamano ya furaha, leo ni mzee wa karibu miaka 70. Baba yake yamkini amekwisha kufa. Walakini tikiti hununuliwa kila mwaka, viti hujaa kila usiku, na jezi za rangi ya samawati huvaliwa na wajukuu wa wale waliozivaa mwaka 1967. Hakuna awezaye kusema kwamba sisi wapenzi tumepunguza sehemu yetu. Sisi tumelipa, tena tumelipa kwa saburi.

Sasa kila msimu unapokwisha kwa machozi, wakubwa wa timu na watetezi wao hutupa jawabu lile lile: Tungefanyaje? Tulibanwa na kikomo cha mishahara. Waswahili walikwisha kulisema neno hili kabla ya mchezo huu kuzaliwa: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jua lilelile liliwaka katika mashamba ya majirani, na mbaazi yao ikatoa maua. Hiyo ndiyo hoja yetu yote, na maneno yanayofuata ni ushahidi wake tu.

Yafaa kwanza tueleze kikomo hiki ni kitu gani, ili asiyekijua asiachwe nyuma. Zamani kila timu ya ligi kuu ya Marekani na Kanada, yaani NHL, iliweza kuwalipa wachezaji wake kadiri ilivyotaka. Mwaka 2004 matajiri wenye timu waliwafungia wachezaji milango, wakasema hawatafungua mpaka wakubali mpaka wa mishahara. Msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa, wala Kombe halikutolewa kwa mtu, jambo ambalo halikutokea tangu mwaka 1919 wakati wa maradhi ya mafua makuu. Mwishowe wachezaji walikubali. Mikataba iliyokuwapo ikakatwa asilimia 24, na kila timu ikawekewa jumla ambayo haina ruhusa kuivuka. Katika msimu wa 2005-06 jumla hiyo ilikuwa dola milioni 39. Ilipofika msimu wa 2019-20 ilikuwa dola milioni 81.5. Mchezaji mmoja haruhusiwi kupata zaidi ya moja ya tano ya jumla hiyo. Na kikomo ni kimoja kwa timu zote, maskini na tajiri, za mji mkubwa na za mji mdogo. Neno hilo twawaomba mlitie mstari: kikomo ni kimoja kwa wote.

Haya, tufungue daftari.

Tarehe 1 Julai 1918? La, Bwana Mhariri, ni Julai 2018, ijapokuwa kwetu sisi yaonekana kama karne imepita. Siku hiyo meneja mkuu, Kyle Dubas, alimwandikisha John Tavares kwa miaka 7, dola milioni 11 kila mwaka. Tavares ni mzaliwa wa jirani ya Toronto na mchezaji wa sifa. Katika msimu wake wa kwanza alifunga mabao 47, nasi tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Kosa halikuwa kumleta. Kosa lilikuwa kwamba nyumbani walikuwamo vijana watatu waliolelewa na timu yenyewe, William Nylander, Auston Matthews na Mitch Marner, ambao mikataba yao ilikuwa bado kuandikwa. Mgeni akawekewa sinia ya dola milioni 11 mbele ya macho yao. Je, mtoto wa nyumbani anayeona hivyo ataomba kiasi gani? Karani yeyote anajua kwamba mshahara wa kwanza unaoandikwa katika daraja ndio kipimo cha yote yanayofuata.

Ikawa kama ilivyokuwa lazima iwe. Nylander hakucheza miezi miwili ya mwanzo wa msimu, na mkataba wake ulitiwa sahihi tarehe 1 Desemba 2018, siku ya mwisho iliyowekwa na sheria, karibu dola milioni 7 kwa mwaka. Matthews akafuata Februari 2019, dola milioni 11.634 kwa mwaka, tena kwa miaka 5 tu. Marner akamaliza Septemba 2019, dola milioni 10.893 kwa miaka 6. Jumlisheni, ndugu zetu makarani. Watu wanne hawa walipata dola milioni 40 na nusu hivi katika jumla ya milioni 81.5. Ni karibu nusu ya mfuko. Nusu iliyobaki wagawane watu 19, maana orodha ya timu ni watu 23.

Hapo ndipo watetezi wanaposema, Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizuia kikomo kisipande. Kikakaa milioni 81.5 misimu mitatu, nani angejua? Kweli, hakuna aliyejua, wala hatumlaumu mtu kwa kutojua mambo ya ghaibu. Lakini korona haikuingia Toronto peke yake. Timu zote zilikaa chini ya dari ile ile isiyopanda. Basi na tutazame waliokaa pamoja nasi chini ya dari hiyo walifanya nini.

Tuchukue msimu wa 2021-22, na tuchukue timu ya Tampa Bay Lightning. Nao walikuwa na watu wakubwa: Kucherov milioni 9.5, Vasilevskiy milioni 9.5, Stamkos milioni 8.5, Hedman milioni 7.875, Point milioni 6.75. Jumla yao ni zaidi ya milioni 42. Wasomaji wataona ajabu: watu watano wa Tampa walikula zaidi ya nusu ya mfuko, kuliko hata wanne wetu! Basi anayesema kwamba kosa ni kuwapa wachache nusu ya mfuko, huyo naye hakukagua hesabu. Tofauti haiko katika jumla, iko katika majina. Kati ya watano wa Tampa yumo golikipa, na yumo beki. Kati ya wanne wetu wote ni mafowadi. Wao walijenga nyumba yenye msingi, kuta na paa. Sisi tulinunua paa la dhahabu, kisha tukaenda sokoni kutafuta kuta kwa senti zilizobaki.

Msimu huo huo Tampa ilikutana nasi katika duru ya kwanza. Tulicheza michezo 7. Mchezo wa saba, katika mji wetu wenyewe, tulifungwa 2 kwa 1. Mabao yote mawili ya Tampa yalifungwa na Nick Paul. Huyu si mmoja wa wale watano. Ni mtu wa mshahara mdogo, aliyechukuliwa kutoka Ottawa muda mfupi kabla ya mashindano, na ni mzaliwa wa Mississauga, mlangoni pa Toronto. Hivyo tulitolewa na jirani yetu wenyewe, ambaye mshahara wake haukufika robo ya mshahara wa hata mmoja katika wanne wetu. Je, kikomo kilimzuia mtu kumtafuta Nick Paul kabla ya Tampa? La hasha.

Waliotoka mikononi mwetu ni habari ndefu, nasi tutaja wachache. Nazem Kadri alikuwa akilipwa milioni 4.5 tu kwa mwaka, mshahara mwepesi kwa kazi yake. Twakiri kwamba alifungiwa michezo katika mashindano ya 2018 na tena 2019 kwa ukali wake, na hasira za watu zilikuwa na sababu. Lakini dawa ya kijana mkali ni kumkalisha na kumwonya. Sisi tulimpeleka Colorado tarehe 1 Julai 2019, tukapewa Tyson Barrie na Alexander Kerfoot. Barrie akakaa msimu mmoja akaenda zake. Kerfoot naye akaondoka mwaka 2023. Kadri mwaka 2022 alirudi mchezoni na kidole gumba kilichopasuliwa, akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza wa mchezo wa nne wa fainali, na Colorado ikachukua Kombe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tuliuacha mbacha, na msala ukapita.

Kadhalika Patrick Marleau. Juni 2019, kwa ajili ya kuufuta mkataba wake wa milioni 6.25 katika daftari, timu ililipa Carolina haki yake ya uchaguzi wa kwanza wa vijana wa mwaka 2020. Maana ya neno hili ni kwamba tulimpa mwenzetu mali ili atuchukulie deni letu. Carolina kwa haki hiyo wakamchagua Seth Jarvis, wa kumi na tatu, naye akawa fowadi wa sifa. Nani aliyeuandika mkataba ule wa Marleau, mtu aliyekuwa na miaka 37 siku ya kutia sahihi? Si kikomo. Kikomo hakina mkono wala kalamu.

Zach Hyman, mzaliwa wa Toronto, mtu wa kazi ngumu za pembeni, mwaka 2021 alikwenda Edmonton kwa milioni 5.5 kwa mwaka kwa sababu mfuko wetu ulikuwa umekwisha. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 54, kisha akafunga 16 katika mashindano ya mtoano, na Edmonton ikafika fainali. Na yuko Carter Verhaeghe, ambaye timu yetu ndiyo iliyomchagua mwaka 2013, ikamtoa mwaka 2015 kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Ameshachukua Kombe na Tampa mwaka 2020, na pamoja na Florida mwaka 2024 na 2025. Florida walimpata mwaka 2020 kwa dola milioni moja kwa mwaka. Beki wao Forsling walimwokota Januari 2021 katika orodha ya walioachwa na timu nyingine, bila ya kutoa kitu. Hivi ndivyo watu wenye macho wanavyoishi chini ya kikomo: haba na haba hujaza kibaba.

Sisi nasi tulifanya nini na haki zetu za uchaguzi, ambazo ndizo mbegu za timu chini ya sheria hii, maana kijana hulipwa kidogo miaka yake ya mwanzo? Aprili 2021 tulitoa haki ya kwanza ya mwaka huo kwa ajili ya Nick Foligno, akacheza michezo 7 ya msimu wa kawaida na minne ya mtoano, kisha akahamia Boston. Machi 2025 tulitoa haki za kwanza za 2026 na 2027, pamoja na vijana Minten na Grebenkin, tukapata Brandon Carlo na Scott Laughton. Mkulima anayekula mbegu kila mwaka asishangae shamba likiwa jeupe.

Sasa, Bwana Mhariri, twataka kusema juu ya jambo litakalowachekesha makarani, ijapokuwa si la kuchekesha. Sheria huruhusu timu kuvuka kikomo kwa kadiri ya mshahara wa mchezaji mgonjwa wa muda mrefu. Basi Julai 2019 timu yetu ilimchukua tena David Clarkson, ambaye iliwahi kumwandikisha mwaka 2013 na kumwondoa mwaka 2015. Mtu huyu alikuwa hajacheza tangu 2016, wala hakutarajiwa kucheza. Alinunuliwa si kwa kazi, bali kwa ugonjwa wake, ili jina lake lilale katika daftari na mshahara wake ufungue nafasi kwa wengine. Ndugu, mmewahi kuona ofisi inayoajiri mgonjwa kwa kusudi kwamba asije kazini? Lakini tuwe waadilifu: Tampa nao msimu wa 2020-21 walimweka Kucherov kando msimu wote wa kawaida, akarudi siku ya kwanza ya mtoano ambapo kikomo hakikuhesabiwa, nao wakachukua Kombe. Mlango huo umefungwa tangu msimu wa 2025-26, kikomo kikaletwa hata katika mtoano. Twalisema hili ili ijulikane kwamba ujanja haukukosekana Toronto. Kilichokosekana ni busara.

Tumekwisha kuwakemea wakubwa. Sasa twageuka kwa wapenzi wenzetu, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wako miongoni mwetu wanaosema, Wachezaji ndio wenye tamaa. Wangekubali kupunguza mishahara, Kombe lingekuja. Marner alizomewa kwa neno hili katika uwanja wa mji aliolelewa jirani yake. Twauliza: nani miongoni mwetu, akiwa ameitwa na mkuu wake akapewa nyongeza ya mshahara, alisema, La, Bwana, mpe mwenzangu? Kijana alisimama akadai bei ya kazi yake katika miaka michache ambayo miguu yake ina nguvu. Timu ikaikubali bei hiyo, ikatia sahihi. Aliyetia sahihi ndiye wa kuulizwa.

Hatusemi kwamba wachezaji hawana lawama. Katika mchezo wa saba wa mwaka 2019 timu yetu ilifunga bao 1. Mwaka 2021 bao 1. Mwaka 2022 bao 1. Mwaka 2024 bao 1. Mwaka 2025 bao 1, na siku hiyo Florida ilitufunga 6 mbele ya watu wetu, jezi zikatupwa barafuni. Mafowadi wenye nusu ya mfuko kushindwa kuvuka bao moja katika michezo mitano ya namna hiyo ni aibu, nao wanaijua. Lakini lawama hiyo ni ya uwanjani. Mtu alaumiwe kwa kukosa goli, asilaumiwe kwa kuomba mshahara.

Na hapa ndipo penye siri ya kikomo, ambayo twawaomba wanachama waitafakari, maana yafaa hata nje ya mchezo. Kabla ya 2005 ugomvi wa mshahara ulikuwa kati ya mchezaji na tajiri. Tangu siku hiyo mfuko una kipimo, na kila anachopata mmoja kimepunguzwa kwa mwenziwe. Marner akizidishiwa, Hyman lazima aondoke. Hivyo tajiri ametoka katikati, amekaa kando, nao watumishi na wapenzi wamebaki wakitazamana kwa jicho baya. Tangu mwaka 2013 mapato ya mchezo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya wenye timu na wachezaji, na sehemu ya kila mshahara huzuiwa mpaka hesabu ya mwaka ifungwe, ili nusu ya matajiri isipungue. Ni matajiri wangapi duniani waliowekewa sheria ya namna hiyo ya kuwalinda na hasara?

Tena kikomo kiliwekwa kwa mishahara; hakikuwekwa kwa bei ya tikiti. Timu yetu ni miongoni mwa timu tajiri kupita zote katika ligi, lakini utajiri huo hauwezi kuongeza hata dola moja juu ya kikomo cha wachezaji. Basi fedha tunazozidisha sisi mlangoni zinakwenda wapi? Haziendi uwanjani. Kwa hiyo mwenye timu hapati hasara tukishindwa, wala hana haraka ya kushinda maadamu viti vimejaa. Twasema neno hili kwa uchungu, kwa kuwa viti hivyo tumevijaza sisi.

Wako watakaotujibu kwa habari ya kodi, wakisema kwamba katika jimbo la Ontario mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi ya nusu ya kila dola ya juu, na huko Florida, Texas na Nevada hakuna kodi ya mapato ya jimbo, hivyo dola moja ya huko ni nzito kuliko dola ya Toronto. Ni kweli, nasi hatuikani. Lakini Colorado wana kodi ya jimbo, nao walichukua Kombe mwaka 2022 hali MacKinnon, mmoja katika wachezaji bora wa dunia, akilipwa milioni 6.3 kwa sababu walimfunga mapema kwa miaka 7. Wala si kodi iliyomtoa Kadri, wala si kodi iliyotoa mbegu zetu kwa Foligno.

Na mwisho wa habari ya Marner ndio muhuri wa hoja yetu. Kifungu cha mkataba wake cha kukataa kuhamishwa kilianza tarehe 1 Julai 2023. Kabla ya siku hiyo timu iliweza kumbadilisha kwa mali nyingi. Baada yake haikuweza bila ridhaa yake. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa katika mkataba tangu 2019. Kila karani wa ofisi ile aliweza kuisoma. Mei 2023 wakubwa walikuwa wakigombana wao kwa wao, meneja mkuu akaondolewa tarehe 19, mwingine, Brad Treliving, akaajiriwa tarehe 31, na mwezi mmoja uliobaki ukapita. Miaka miwili baadaye, msimu ambao Marner alipata pointi 102, mkataba ukamalizika. Siku ya mwisho ya Juni 2025 akaenda Vegas kwa dola milioni 12 kwa mwaka kwa miaka 8, nasi tukapata mtu mmoja, Nicolas Roy. Je, hapo nako tulibanwa na kikomo? Tulibanwa na kalenda, ambayo hutundikwa ukutani bure.

Twandika haya sasa kwa sababu udhuru wa zamani umekwisha kufa. Kikomo kimepanda: milioni 88 msimu wa 2024-25, milioni 95.5 msimu wa 2025-26. Na Januari 2025 ligi ilitangaza kwamba kitakuwa milioni 104 msimu wa 2026-27, na milioni 113.5 msimu unaofuata. Mfuko ni mkubwa kwa wote. Aliyeshindwa kugawa mkate mdogo asidhani kwamba mkate mkubwa utajigawa wenyewe.

Kwa hiyo sisi wapenzi twatoa maneno manne, nayo si matusi, ni haki yetu.

Kwanza, wakubwa wa timu wasilitaje tena neno kikomo kama udhuru wa kushindwa. Wakikosea waseme, Tumekosea. Neno hilo halina bei, wala halihesabiwi katika kikomo.

Pili, haki za uchaguzi wa vijana zisitolewe tena kwa ajili ya watu wa kupita. Mbegu ikae ghalani mpaka mvua.

Tatu, fedha zianze kwa golikipa na mabeki, kisha ziende mbele. Nyumba hujengwa kutoka chini.

Nne, na hili ni letu sisi wenyewe: tuache kuwazomea wachezaji kwa mishahara yao, na tujifunze kuviacha viti vitupu. Tajiri asiyesikia kelele husikia ukimya. Twajua ni jambo gumu; yuko mwenzetu aliyerithi kiti cha babaye, na kukiacha usiku mmoja kwake ni kama kumwacha mzee peke yake. Lakini mzee huyo alikaa katika kiti hicho miaka mingi akingoja, akafa akingoja. Hatudhani angependa tuurithi na ungojaji.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi kushindwa tumekubali mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tusichokubali ni kudanganywa juu ya sababu yake. Daftari liko wazi, safu zimejumlishwa, na sahihi zinasomeka. Mkaguzi yeyote mwaminifu ataona kwamba kosa si la kikomo.

Sisi ni wenu katika upendo wa mchezo,

WAPENZI WALIONGOJA TANGU 1967